Kioo cha Sebuleni: Karatasi za Nyimbo na Maisha ya Kila Siku ya Wamarekani

Hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyeujua usemi kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Tumeukariri tangu kidato cha kwanza, tumejibia mitihani kwa usemi huo huo, na hata hapa chuoni insha nyingi bado zinaanza nao kama vile ni bismillahi. Usemi wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba tunautumia kana kwamba kioo hujitundika chenyewe ukutani. Hatuulizi kilinunuliwa na nani, kimetundikwa katika chumba gani, na yule aliye nje ya chumba hicho sura yake inaonekanaje humo, kama inaonekana kabisa. Katika makala haya nakusudia kuyauliza maswali hayo kwa kutumia mfano ulio mbali kidogo na mihadhara yetu, yaani karatasi za nyimbo pendwa zilizochapishwa na kuuzwa Marekani tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Najua wapo watakaosema, "Huyu naye! Tuna mashairi chungu nzima ya kuhakiki, yeye amekwenda kuokota nyimbo za Wazungu." Nawaomba wawe na subira. Nyimbo hizi zina jambo moja ambalo kwa mhakiki ni bahati kubwa: tunajua bei yake, mchapishaji wake, mnunuzi wake, na hata chumba zilimoimbwa. Kwa riwaya nyingi tunazozichambua darasani hatuna nusu ya habari hizo. Tena zimehifadhiwa vizuri. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kina mkusanyo wa Lester S. Levy wenye karatasi zaidi ya 29,000, na zile ambazo haki zake zimekwisha muda zimewekwa kwenye intaneti. Mtu aliye hapa kwetu anaweza kukaa mbele ya kompyuta akafungua jalada la mwaka 1864 na kulitazama kwa nafasi yake.

Karatasi yenyewe

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kabla ya redio, na kabla santuri hazijaenea, mtu aliyeupenda wimbo hakuwa na njia ya kuupeleka nyumbani ila kuununua ukiwa karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa kubwa, imekunjwa kama gazeti, kurasa nne au sita hivi. Mbele kulikuwa na jalada lenye picha, jina la wimbo kwa herufi kubwa, majina ya watunzi, na mara nyingi kwenye kona picha ya mwimbaji maarufu aliyekuwa akiuimba jukwaani. Ndani zilikuwamo nota za piano, na maneno yamepangwa chini ya mstari wa sauti, silabi kwa silabi. Ukurasa wa nyuma ulitangaza nyimbo nyingine za mchapishaji yule yule. Mara nyingine ulimwonjesha mnunuzi vipande vichache vya mwanzo. Akitaka zaidi, arudi dukani.

Kwa hiyo wimbo haukuwa kitu cha kusikiliza umekaa tu. Ulikuwa kazi ya mikono. Ilibidi mtu wa nyumbani aupige, na mtu huyo mara nyingi alikuwa binti wa nyumba. Katika familia za Wamarekani wa tabaka la kati, na za wafanyakazi waliokuwa wamepanda ngazi kidogo, piano ilikuwa alama ya heshima, na binti kujua kuipiga ilikuwa sehemu ya malezi yake kama vile kushona. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Watunzi walilijua jambo hili vizuri sana. Ndiyo maana nyimbo zao hazipandi juu mno wala hazishuki chini mno, mkono wa kushoto unarudiarudia pigo lile lile, na kiitikio unakishika kichwani mara ya pili tu. Sisi tumezoea kuandika fani upande huu na maudhui upande ule. Hapa fani imepimwa kwa vidole vya msichana wa miaka kumi na sita ambaye hajamaliza mafunzo yake ya piano.

Hoja yangu basi ni hii. Karatasi hizi ni kioo, lakini ni kioo cha sebuleni. Kinawaonyesha waliokaa sebuleni, tena kwa mwanga ambao wao wenyewe wamekubali kuonekana nao. Anayetaka kuyajua maisha ya kila siku ya Wamarekani kwa njia ya nyimbo hizi asikiishie kile ambacho wimbo unakipazia sauti. Atazame pia yale ambayo wimbo unayapita bila kuyajali, kwa sababu mtunzi aliona kwamba kila mtu anayajua.

Wapiga debe

Zilitungwaje? Charles K. Harris alikuwa kijana wa Milwaukee, mpiga banjo asiyejua kuandika nota, aliyeweka kibao cha kutangaza kwamba anatunga nyimbo kwa oda. Kwa oda, kama fundi cherehani! Mwaka 1892 alitunga "After the Ball". Ni hadithi ya mzee anayemsimulia binti mdogo wa ukoo wake kwa nini hakuoa. Ujanani alimwona mchumba wake dansini akibusiwa na mwanamume mwingine, akaondoka bila kuuliza neno. Miaka mingi baadaye, binti yule ameshakufa, akapata habari kwamba yule mwanamume alikuwa kaka yake. Harris alimlipa mwimbaji mmoja ili auingize wimbo huo katika onyesho ambalo halikuuhusu hata kidogo. Bendi ya John Philip Sousa ikaupiga katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zaidi ya milioni tano.

Ukiipima kwa vipimo vyetu vya uhakiki, ni hadithi dhaifu. Swali moja tu, "Yule alikuwa nani?", lingeimaliza kwenye ubeti wa kwanza. Lakini mamilioni ya watu waliinunua, na hawakuwa wajinga. Waliishi katika adabu ambayo swali la namna hiyo lilikuwa gumu kuliko kukaa miaka yote bila mke. Wimbo hauielezi adabu hiyo popote. Unaichukua tu kama jambo la kawaida, na mimi nadhani hapo ndipo penye habari.

Baadaye biashara hii ikajikita New York, katika Mtaa wa 28 upande wa magharibi, ambako wachapishaji walirundikana nyumba kwa nyumba. Piano nyingi zilipigwa kwa pamoja madirisha yakiwa wazi, na watu wakazifananisha kelele zake na sufuria za bati zinazogongwa. Hapo ndipo lilipotoka jina Tin Pan Alley, yaani kichochoro cha sufuria za bati. Nilipolisoma jina hili nilicheka peke yangu, maana wachapishaji hao waliajiri vijana wa kuzipiga nyimbo mpya siku nzima ofisini, madukani na kwenye kumbi ili watu wazinunue, na sisi mtu wa namna hiyo pale stendi ya mabasi tunamwita mpiga debe. Bati ni lile lile. George Gershwin alianza kazi hiyo mwaka 1914 akiwa na miaka 15, kwa mshahara wa dola 15 kwa wiki. Karatasi nazo zikawa rahisi. Katika maduka ya Woolworth mtu aliweza kupata wimbo kwa senti 10.

Mtunzi ambaye hakuona

Katika kundi kama hilo mtunzi hakulazimika kukijua anachokiimba. Stephen Foster alizaliwa Pennsylvania mwaka 1826. Mwaka 1851 alikuwa na wimbo wa mtu mweusi aliye mbali na kwao, anayelilia shamba alikokulia huko Kusini. Alihitaji jina la mto, lenye silabi mbili. Yeye na kaka yake wakafungua kitabu cha ramani, wakaukuta mto Suwannee wa Florida, jina likakatwa likawa Swanee, basi, wimbo ukakamilika. Mto wenyewe Foster hakuwa ameuona. "Old Folks at Home" ukachapishwa ukiwa na jina la E. P. Christy, kiongozi wa kikundi cha Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi jukwaani, kwa kuwa Foster alikuwa amemuuzia nafasi ya kuandikwa kama mtunzi. Foster alikufa New York Januari 1864, na pochi yake ilikuwa na senti 38.

Sasa tukisema kwamba wimbo huu ni kioo cha jamii, ni jamii ipi hiyo? Si ya watumwa wa Florida. Mwaka 1851 utumwa ulikuwa sheria huko, na ulikomeshwa nchini kote mwaka 1865 baada ya vita. Mtumwa anayetamani kurudi shambani ni mtumwa aliyetungwa kwa ajili ya sebule. Lakini hebu tukigeuze kioo. Waliokaa katika sebule za Pittsburgh na New York mwaka ule walikuwa nani? Wengi walikuwa watu waliohama. Wametoka vijijini kwenda mjini, au wametoka Ireland na Ujerumani kwa meli, wazazi wameachwa ng'ambo na hawatawaona tena. Waliokuwa wanakulilia kwao walikuwa wao. Huzuni yao ilikuwa ya kweli kabisa. Wakaivalisha uso wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine huzuni yake halisi hawakutaka kuisikia. Mimi naona kwamba hapo wimbo unasema kweli na uongo kwa pumzi moja, na mhakiki anayechukua upande mmoja tu hajausoma.

Mfano wa pili ni wa kuchekesha zaidi. "Take Me Out to the Ball Game", wimbo ambao mpaka leo unaimbwa katika viwanja vya besiboli vya Marekani, ulitungwa mwaka 1908 na Jack Norworth pamoja na Albert Von Tilzer. Wote wawili, inasimuliwa, walikuwa hawajawahi kwenda kutazama mechi ya ligi kuu. Norworth aliona tangazo la mchezo akiwa ndani ya treni ya mjini, akaanza kuandika maneno. Uwanjani watu huimba kiitikio tu. Beti zake zimesahaulika, na beti ndizo zenye kisa: binti aitwaye Katie Casey, mwenye kichaa cha besiboli, anafuatwa na mpenzi wake siku ya Jumamosi ili waende kutazama onyesho, naye anakataa, anataka kupelekwa uwanjani.

Kuhusu besiboli yenyewe wimbo huu hautufundishi kitu. Lakini tazama umebeba nini bila kujua. Kuna Jumamosi ambayo kijana anayefanya kazi ana nafasi ya kutoka. Ana senti za matembezi mfukoni. Binti ana jina la Kiairishi, anatoka na mvulana bila shangazi wa kuwasindikiza, na ndiye anayechagua waende wapi. Uwanjani yumo katikati ya wanaume anapiga kelele kama wao. Ukimweka karibu na yule mchumba wa "After the Ball", ambaye hata kuulizwa hakuulizwa, utaona kwamba katika miaka 16 sebule imebadilika, na hakuna mtunzi aliyekusudia kulitangaza hilo.

Mtoto mlangoni, mtoto kwenye simu

Nitatoa mifano miwili zaidi ya usomaji wa namna hii, kwa sababu ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1864 Henry Clay Work alichapisha "Come Home, Father". Mtoto wa kike anakwenda baa kumwita baba yake arudi nyumbani. Saa inagonga mara moja, kwenye ubeti unaofuata mara mbili, kisha mara tatu, na kila ubeti hali ya mdogo wake aliye mgonjwa inazidi kuwa mbaya mpaka anakufa. Watu wa harakati za kupinga pombe waliutumia sana wimbo huu, na ujumbe wake hauhitaji mhakiki. Hata jiwe lingeuelewa. Jambo nililolitazama mimi ni saa. Baba alikuwa ameahidi kurudi pindi kazi ya siku itakapokwisha. Kwa hiyo kuna kazi yenye mwisho, mahali mbali na nyumbani, na kuna saa ya mnara inayosikika mpaka baa. Mkulima hana baba wa namna hii, maana baba yuko shambani na watoto wanamwona. Work anaimba juu ya pombe, lakini mfumo mzima wa maisha ya mshahara umepita nyuma ya wimbo, umekokota miguu.

Halafu mwaka 1901 Harris, yule yule wa oda, akatoa "Hello Central, Give Me Heaven". Mtoto aliyefiwa na mama yake anaona baba amenuna siku nyingi. Anainua simu na kumwomba opereta amuunganishe na mbinguni azungumze na mama. Ni kweli, ni machozi ya kununua, na Harris alijua kupima machozi kama muuza mafuta ya taa anavyopima kibaba. Lakini kwanza tuwe waadilifu: katika miaka ile kufiwa na mama ukiwa mdogo halikuwa jambo la hadithi tu, na karatasi hiyo ilipigwa katika nyumba ambazo mara nyingi zilikuwa zimetoa jeneza kwa mlango huo huo. Pili, tazama simu. Mtoto hapigi namba. Anazungumza na mtu, mwanamke aliyeketi kituoni anayeunganisha nyaya, na mwanamke huyo katika wimbo anamjibu kwa upole. Simu ilikuwa kifaa kipya, lakini ndani yake mlikuwa na binadamu unayeweza kumwomba. Kwa sisi tunaojibiwa na mashine tukipiga huduma kwa wateja, ubeti huo unafundisha historia kuliko takwimu za kampuni ya simu.

Hapo inafaa niseme neno juu ya wanawake kama watunzi, maana isionekane kwamba kazi yao ilikuwa kupiga piano tu. Carrie Jacobs-Bond alifiwa na mumewe, daktari, mwaka 1895. Akahamia Chicago na mwanawe, akapangisha vyumba, akachora maua kwenye vyombo vya udongo ili apate chakula. Akatunga nyimbo, na akaanza kuzichapisha mwenyewe, majalada akachora mwenyewe, waridi la mwituni. Wimbo wake "A Perfect Day" wa mwaka 1910 uliuzwa kwa mamilioni. Ukiusikia ni utulivu mtupu, jioni njema baada ya siku njema. Aliyeuandika alijua siku mbaya zinafananaje, ila alijua pia kwamba mnunuzi hataki kuambiwa.

Sura za watu weusi

Sasa nifikie sehemu ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya niandike. Ukifungua mikusanyo hii, hasa ya miaka ya 1890 na 1900, utakutana na majalada ambayo yatakufanya utake kuyafunga upesi. Watu weusi wamechorwa midomo mikubwa kuliko uso, macho yametoka, mkononi wembe, au tikiti maji, au kuku wa kuiba. Nyimbo hizo zilikuwa na jina la jumla ambalo ni tusi, na tusi hilo sitaliandika. Ziliuzwa kwa wingi, zikawekwa juu ya piano, na yule yule binti wa malezi mema ndiye aliyezipiga baada ya chakula cha jioni.

Uliotia fora zaidi ulitoka mwaka 1896, na mtunzi wake, Ernest Hogan, alikuwa mtu mweusi. Ndani ya wimbo anazungumza mwanamke anayemwacha mpenzi wake kwa kuwa amepata mwingine. Nje, kichwa cha wimbo kilichodai kwamba watu weusi wote wanafanana kikawa kejeli ya kumtupia mtu mweusi yeyote apitaye barabarani. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa mwaka 1909 Hogan aliujutia. Mwaka huo huo wa 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha kuwatenga watu weusi katika mabehewa yao. Tuviweke pamoja vitu hivi viwili. Hukumu ilimwondoa mtu mweusi kwenye behewa; karatasi ya wimbo ilimwingiza sebuleni, ila kama mchoro, asiye na uwezo wa kujibu. Hapo kile kioo chetu kinageuka kinyago.

Na watu weusi waliotunga walifanyaje? Wengine walitafuta mwanya. Bob Cole alifanya kazi na ndugu wawili, James Weldon Johnson na Rosamond Johnson. James Weldon ndiye mshairi aliyeandika "Lift Every Voice and Sing" mwaka 1900 kwa ajili ya watoto wa shule huko Jacksonville, Florida, shairi ambalo mdogo wake, Rosamond, alilitia muziki na baadaye likaja kuitwa wimbo wa taifa wa watu weusi. Mwaka 1902 kundi lile lile likatoa "Under the Bamboo Tree", wimbo wa Mzulu anayemtaka binti wa kifalme chini ya mwanzi. Afrika humo ni msitu mtupu, na Mzulu anazungumza Kiingereza cha kuvunjika. Msomaji wa Kiafrika akikasirika ana haki. Lakini hamna wembe humo, wala kuku wa kuiba. Mwanamume ana adabu, na anachotaka ni ndoa. Tena lahani yake ilitokana na wimbo wa dini wa watumwa, uliogeuzwageuzwa usitambulike kirahisi. Kwa hiyo katika sebule ambazo mlango wa mbele usingefunguliwa kwa akina Johnson, sauti ya watumwa iliingia kwa mlango wa nyuma na hakuna aliyeitambua. Tunapofundishwa kwamba mwandishi ana msimamo, mimi huwaza juu ya James Weldon. Msimamo wake ulikuwa mmoja; wanunuzi walikuwa wawili.

Wengine walipigania senti. Mkataba wa Scott Joplin na mchapishaji John Stark wa Sedalia, Missouri, mwaka 1899, ulimpa senti moja kwa kila nakala ya "Maple Leaf Rag", na kwa enzi zile mtunzi mweusi kupata mrabaha lilikuwa jambo la kushangaza. W. C. Handy aliuza haki za "Memphis Blues" mwaka 1912 kwa pesa kidogo, akawatazama wengine wakitajirika, na "St. Louis Blues" wa mwaka 1914 akauchapisha yeye mwenyewe na mwenzake Harry Pace.

Baadhi ya wenzangu niliowaonyesha majalada hayo walisema yangechomwa moto. Hasira yao naielewa, lakini sikubaliani nao. Ukiyachoma yale ya tusi na kuyaacha ya waridi la mwituni, utakuwa umeisafisha sebule kuliko ilivyokuwa. Wajukuu wa wanunuzi watakuta jioni njema tu. Yawekwe pamoja, kama yalivyowekwa pamoja juu ya piano ile ile, na yasomwe darasani bei ikiwa inaonekana.

Amani, vita, na mfanyabiashara

Juu ya vita nitasema machache, kwa sababu kisa chake kinajieleza. Mapema mwaka 1915, Ulaya ikiwaka moto na Marekani ikiwa bado pembeni, ulitoka wimbo "I Didn't Raise My Boy to Be a Soldier", wa mama anayesema kwamba hakumlea mwanawe ili awe askari. Ukauzwa nakala mamia ya maelfu. Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani, na George M. Cohan akatunga "Over There", wa kuwahimiza vijana waende. Leo Feist, mchapishaji wa New York, akazinunua haki zake kwa dola 25,000. Na ule wa mama wa 1915 ulichapishwa na nani? Leo Feist. Wapo watakaosema kwamba jamii ilibadili mawazo na nyimbo zikaakisi badiliko hilo. Pengine. Ila huko nyuma ya kioo alikuwapo mtu mmoja, yule yule, akihesabu. Wakati wa vita karatasi zenyewe zilipunguzwa ukubwa ili kubana matumizi, na baada ya vita hazikurudia ukubwa wake wa zamani.

Wala biashara yenyewe haikurudi ilivyokuwa. Kituo cha redio KDKA cha Pittsburgh kilianza kurusha matangazo Novemba 1920, santuri zikaenea, filamu za sauti zikafika mwaka 1927. Katika karatasi za miaka ya 1920 utaona juu ya mistari ya nota vimechorwa vijisanduku vya ukulele, yaani mchoro wa wapi pa kuweka vidole, kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma nota na asiye na nafasi ya piano katika chumba chake cha kupanga. Sebule ilikuwa inafungwa polepole.

Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Yip Harburg na Jay Gorney walitunga "Brother, Can You Spare a Dime?" kwa ajili ya onyesho la New York. Harburg alikuwa na biashara ya vifaa vya umeme iliyofilisika katika anguko la mwaka 1929, ndipo akageukia kuandika maneno ya nyimbo. Anayezungumza ni mtu aliyejenga reli, akajenga minara, akaenda vitani, sasa yuko kwenye foleni ya mkate anamwomba mpita njia senti 10. Katika nyimbo zote nilizozitaja hapa, huyu ndiye wa kwanza anayesimama nje ya dirisha na kuwaita waliomo ndani ndugu. Wengi waliusikia kwa sauti za Bing Crosby na Rudy Vallée, kwenye redio na santuri. Karatasi yake nayo ilichapwa. Senti 10 anazoziomba zilikuwa ndiyo bei ya wimbo mmoja pale Woolworth, siku zile watu walipokuwa bado wanapiga foleni kununua nyimbo.